Malengo ya Shule na Nyama ya Mtego

Mkifika shuleni kwa mara ya kwanza, kabla hamjaoneshwa pa kulala, mtakabidhiwa kitabu cha programu ya mzunguko wa kwanza, yaani darasa la saba mpaka la tisa. Kurasa za mbele zimejaa malengo. Kijana amalizapo darasa la tisa awe anajua kujieleza mbele ya watu, anapenda kazi za mikono, anatunza mazingira, anatatua migogoro kwa amani, na anaishi vyema na watu wa dini na kabila lisilo lake. Mtayasoma mkiwa na vumbi la safari miguuni, na mtasema moyoni: haya yote, na mshahara wenyewe ndio ule? Msiogope. Mimi nimeyafundisha mpaka nimekwenda reforma, yaani nimestaafu, na bado napumua.

Mmeniomba, nyie mnaoanza ualimu huku kaskazini kwetu, niwaandikie jinsi malengo hayo yanavyofundishwa. Mimi ni mzaliwa wa Quiterajo. Nilifundisha jiografia katika shule ya wavulana yenye bweni, vijana wa pwani wakichanganyika na vijana wa juu, ndivyo tulivyowaita wanaotoka kwenye nyanda za Wamakonde. Waliniita setora, kama wanavyowaita walimu wote wa kike, na wa kiume setor, na mpaka leo nikilisikia neno hilo sokoni nageuka, hata kama anaitwa mwingine. Sitawapa nadharia. Nadharia mnayo, mmetoka nayo chuoni ikiwa bado ya moto. Nitawapa makombo.

Aliyenifundisha kazi ni setor Amade, mkuu wa taaluma, mtu mwembamba aliyekaa na kalamu nyekundu sikioni kama seremala. Nilipompelekea mpango wangu wa kwanza wa somo nilikuwa nimeandika kwa fahari kubwa: mwisho wa somo mwanafunzi ataielewa mvua. Akausoma, akachungulia dirishani, akanirudia.

“Utamjuaje aliyeelewa? Ni yule aliyelowa?”

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akakata neno langu kwa kalamu, akaandika juu yake: ataeleza, atachora, atapima. Akaniambia lengo ni lazima liwe jambo unaloweza kuliona ukiwa umesimama mbele ya darasa. Moyoni mwa mtoto huingii, na ukiingia hutakuta taa. “Lengo lisiloonekana ni dua,” alisema. “Dua ni njema, binti yangu, lakini haikaguliwi.” Mpango ule niliuandika upya mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na tangu hapo sikuandika tena kwamba mtu ataelewa kitu.

Basi shikeni hilo kwanza. Na la pili, maana liko karibu: sauti. Mwalimu mgeni akikuta wavulana wanapiga kelele, hupandisha sauti, nao hupandisha, yeye hupandisha, mpaka mwisho wa wiki sauti imekauka na kelele ziko palepale. Shusha sauti. Sema jambo la maana kwa upole mno, kwa mfano kwamba kesho kuna mtihani, kisha geukia ubao. Watanyamazishana wenyewe kwa viwiko.

Lile lengo la kupenda kazi za mikono lilinifedhehesha. Shule yetu ilikuwa na shamba la mihogo na kunde nyuma ya madarasa, na shamba hilo ndilo lililokuwa adhabu yetu. Umechelewa, shika jembe. Umetukana, shika jembe. Halafu mwisho wa mwaka tunashangaa kwa nini hakuna kijana anayelipenda jembe. Nikasimama kwenye kikao cha walimu nikasema tugeuze mambo: jembe liwe heshima, wanaowahi asubuhi ndio waende shambani, wanaochelewa wabaki darasani wakinakili ramani. Wenzangu wakapiga makofi. Kesho yake shule nzima ilichelewa. Hata kiranja wa zamu, ambaye alilala ukuta mmoja na kengele, alichelewa.

Setor Amade hakunicheka mbele ya watu. Alisubiri mpaka tukabaki wawili, akacheka mpaka akakohoa. Dawa tuliipata baadaye. Tuligawa matuta, kila kundi na tuta lake, na kilichovunwa kikaingia kwenye sufuria ya bweni kwa jina la kundi. Bibi Zaituna, mpishi wetu, alipotangaza kwamba kunde za leo ni za vijana wa Macaloe, basi vijana wa Macaloe, watoto wa kisiwani ambao kwao jembe walilijua kwa kulisikia tu, walitembea kifua mbele siku nzima. Hilo liliweza kuonekana, nikaliandika kwenye mpango kwa moyo mweupe.

Njia za kufundisha nazo hubadilika kila baada ya miaka kadhaa, na kila mara hubadilika kwa semina. Nilipoanza, tulisoma imla na wao wakanakili, mwisho wa habari. Baadaye tukaambiwa mwanafunzi ndiye kitovu, tupange madawati kwa makundi. Tukapanga. Nusu ya darasa ikaupa ubao mgongo, na wavulana waliotazamana uso kwa uso wakazungumzia mpira mpaka kengele ikalia. Niliporudisha daftari zao nikakuta mto Ruvuma unamwaga maji Tanzania badala ya baharini. Msiache makundi kwa sababu hiyo. Yapangeni kwa ubavu, bega moja la kila mwanafunzi lielekee ubaoni, na kila kundi lipewe swali ambalo mtu mmoja hawezi kulimaliza peke yake. Mengine ni porojo za semina, ingawa chakula cha semina ni kizuri na msikikose.

Sasa nifike kwenye lengo lililonitoa jasho, lile la kuishi vyema na watu wa dini nyingine. Kwa miaka mingi nililiona ni la kupamba ukurasa. Tuliporudi baada ya miaka ya kukimbia vita likawa zito ghafla. Shule ilikuwa na paa nusu, madirisha hakuna, na jikoni ilibaki sufuria moja kubwa. Vijana wa pwani walikuja na ng'onda kutoka makwao, wa juu wakaja na unga wa mhogo na karanga, bibi Zaituna akachanganya, wote wakala kutoka sufuria ile. Mimi niliwatazama wakila nikaona lengo limetimia. Nilipaswa kujua kwamba mwenye njaa hana miiko, na njaa ikipungua miiko hurudi mahali pake.

Jumamosi moja bibi Zaituna na mumewe walikwenda msibani, na jiko likaachiwa vijana wa zamu. Kiongozi wa zamu alikuwa Kornelio, kijana wa juu, wa darasa la tisa, darasa ambalo mimi ndiye niliyelilea. Alikuwa mrefu, mpole, mbaya wa hesabu na mwepesi wa kutega. Mitego yake aliiweka kwenye kichaka kilichopakana na shamba. Asubuhi hiyo akamkuta paa amenaswa, naye paa alikuwa ameshakufa. Kornelio akamchuna, akamkata vipande, akatia nyama yote katika sufuria kubwa pamoja na maharage ya shule.

Hapo ni lazima mjue desturi ya kwao. Nyama ya mtego hailiwi kwa kujificha. Kila aliyelala chini ya paa moja nawe ana fungu lake, na anayekula na wachache huku wengine wakitazama huwa amejitangaza kuwa mchawi, au mchoyo, jambo ambalo kwao halina tofauti kubwa. Kornelio alikuwa na chungu kidogo cha wenzake wa juu, angeweza kupikia humo. Hakufanya hivyo kwa sababu aliona bweni zima limelala chini ya paa moja. Alichokijua kuhusu dini ya wenzake ni nguruwe, na paa si nguruwe. Kuhusu kuchinja hakuna aliyewahi kumwambia. Kuku na mbuzi wa shule walichinjwa na mume wa bibi Zaituna nyuma ya jiko, na sisi walimu tulidhani ni jambo ambalo kila mtu analijua. Ndivyo inavyokuwa na mambo ambayo kila mtu anayajua.

Wakala. Wakasifu. Saide, kijana wa Macaloe, naye wa darasa langu, mtoto wa mvuvi na mkali wa kusoma Kurani, alirudia mara ya pili. Kisha, akijilamba vidole, akauliza kwa wema kabisa, “Lakini nani aliyetuchinjia?”

Kornelio akajibu akitabasamu. “Hatukupata tabu hiyo. Tulimkuta ameshajimaliza mwenyewe.”

Sikuwepo, lakini nimesimuliwa na wengi na wote wanakubaliana kuhusu kilichofuata. Wavulana wa pwani walikimbilia nyuma ya ukuta kutia vidole kooni. Saide alipanda kichuguu kilichoko nyuma ya shamba, pale ambapo simu hushika mtandao, akampigia baba yake akilia kwa hasira, akamwambia wamelishwa nyamafu. Neno hilo moja lilitosha. Lilifika kisiwani, likavuka, likaenda vijiji vya pwani, na kwa jinsi maneno yanavyotembea, liliporudi kwetu lilikuwa limeota pembe: kwamba vijana wa juu wamewalisha Waislamu mzoga kwa makusudi, na walimu wakacheka.

Jumapili shehe wa msikiti wa jirani alikuja. Akasikiliza kisa chote, akasema aliyekula bila kujua hana dhambi, na sufuria ioshwe kwa maji mpaka harufu iondoke. Vijana wakamwambia wanataka kuiosha mara saba, moja kwa udongo. Shehe akawaeleza kwamba hiyo ni kwa mbwa na nguruwe. Wakaiosha mara saba hata hivyo. Sufuria ikang'aa kuliko siku iliyonunuliwa, na bibi Zaituna, aliyerejea kutoka msibani, alisema kwa ukavu wake kwamba laiti wangelishwa nyamafu kila mwezi.

Diretor wetu, mkuu wa shule, hakuona la kuchekesha. Msimlaumu haraka. Alikuwa mtu mwema mwenye hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu. Katika sehemu zetu, shule inayosemwa kwamba wanafunzi wake wanagombana kwa dini haikai salama, na vijana walikuwa wameanza tu kulala bila kushtuka. Aliniita ofisini.

“Usipoziba ufa utajenga ukuta, setora. Kijana aondoke. Akiondoka, maneno yataondoka naye.”

“Atakwenda wapi?”

“Nyumbani kwao.”

Kijijini kwa Kornelio shule iliishia darasa la sita. Hakukuwa na bweni jingine karibu ambalo lingempokea katikati ya mwaka, akiwa na sifa ya kulisha watu mzoga. Akitoka kwetu, angekuwa amemaliza kusoma, miezi michache kabla ya mtihani wa darasa la tisa. Nilimwambia diretor hivyo. Akasema anajua. Nikamwomba angalau aitishe baraza la shule, wazazi wakae, pasiwe na uamuzi wa ofisini. Hilo alikubali, kwa sababu uamuzi wa wengi haumchomi mtu mmoja. Nilikuwa nimeshawaona vijana wengi wakiondoka shuleni, kwa vita, kwa njaa, kwa mimba walizosababisha, lakini hakuna aliyeondoka kwa kugawa chakula.

Baraza lilikaa Jumatano, katika darasa langu. Baba yake Saide, mzee Bakari, alikuja kwa mashua na kisha kwa pikipiki, kanzu imekunjwa mpaka magotini, na kifurushi cha ng'onda kwapani, maana mtu haji shuleni mikono mitupu hata akija kugombana. Baba yake Kornelio, mzee Simoni, alishuka kutoka juu na wazee wawili, kavaa koti zito kwenye joto lile na hakulivua. Wazazi wengine wakajaza madawati, wa pwani upande wa dirisha, wa juu upande wa mlango. Hakuna aliyewapanga. Wale vijana wawili, Kornelio na Saide, waliitwa, wakasimama ukutani chini ya ramani, mikono nyuma, macho sakafuni, kama inavyompasa mtoto mahali walipo wakubwa.

Diretor akafungua. “Penye wazee haliharibiki neno,” alisema, na watu wakaitikia.

Mzee Bakari hakutaka kijana afukuzwe. Hilo lilinishangaza. Alitaka kuombwa radhi, mbele ya watu, na baba wa mtoto. “Mwanangu kala haramu chini ya paa la serikali,” alisema. “Mimi sitaki damu ya mtu. Nataka neno moja. Aseme tumekosa, mimi narudi zangu Macaloe.”

Neno moja. Watu wakamgeukia mzee Simoni, na nikaona jambo limekaribia kwisha. Mzee Simoni akainuka taratibu.

“Radhi ya nini?”

“Ya nyama.”

“Nyama aliyogawa?” Akatazama wazee wake, wakatikisa vichwa. “Sikilizeni, jamaa. Kwetu mtu akiiba nyama anaomba radhi. Akiificha anaomba radhi. Akigawa, haombi. Nikiomba radhi kwa nyama niliyogawa, nimesema niligawa sumu. Mtego wa nyumba yangu hautanasa tena, wala wa mwanangu, wala wa mwanawe. Mnaniambia niulaani mkono wa mtoto kwa sababu alikuwa na moyo?”

“Alitulishia watoto nyamafu!” wakapaza sauti wa dirishani.

“Aliwalisha alichokuwa nacho,” akajibu mzee Simoni.

Yakaanza. Sitayaandika yote. Kila mmoja alikuwa na haki, na hilo ndilo lililokuwa baya. Bakari alikuwa akiilinda dini ya mwanawe, Simoni alikuwa akilinda mkono wa mwanawe, na kila neno lililosemwa upande wa dirisha liliongeza neno upande wa mlango. Mzee mmoja wa juu akanitazama mimi na ushungi wangu akasema, “Setora naye ni wa kwao.” Iliniuma. Nilikuwa nimemfundisha mjukuu wake kusoma ramani. Diretor akajifuta jasho, akasema kwa sauti ya chini kwamba kama ni hivyo basi njia ni moja, kijana aondoke, na akaanza kuinuka.

Nikasimama kabla hajasimama yeye. Sikuwa na hotuba. Nilichokuwa nacho ni kalamu nyekundu ya setor Amade, nayo ilikuwa kichwani tu. Nikasema, “Wazee wangu, mnadaiana vitu viwili ambavyo mimi kama mwalimu siwezi kuvikagua. Radhi iko moyoni na msamaha uko moyoni. Baba Kornelio akisema nimekosa, hatutajua kama anamaanisha. Baba Saide akisema nimesamehe, hatutajua vilevile. Naomba mfanye jambo ambalo sote humu tutaliona kwa macho.”

“Jambo gani?” mzee Bakari akauliza.

“Mle.”

Bibi Zaituna, aliyekuwa mlangoni akijifanya kufagia, akaenda jikoni bila kuamriwa. Akarudi na sinia la ugali kutoka sufuria ileile iliyooshwa, na ng'onda wa mzee Bakari aliowachoma haraka juu ya makaa. Akaliweka sinia juu ya meza yangu. Baba wale wawili wakasogea, maana kukataa chakula mbele ya watu ni matusi pwani na ni matusi juu, hapo hawatofautiani.

Mzee Bakari akanawa, akamega samaki, akamsogezea mwenzake kipande kinene. Mzee Simoni akakichukua, akakigeuza, akakitazama juu na chini. Halafu akauliza, bila kutabasamu hata kidogo:

“Na huyu, nani aliyemchinja?”

Nikafumba macho. Niliona kijana wangu anaondoka, na kazi yangu yote nikaiona inaondoka naye. Nilipoyafumbua, mzee Bakari alikuwa ameshika kichwa cha samaki, akimwonesha mwenzake mashavu yaliyopasuka.

“Huyu kachinjwa na Mungu mwenyewe. Tazama hapa, alama ya kisu. Samaki anazaliwa kachinjwa.”

Mzee Simoni akachungulia kwa makini. “Kweli,” akasema. “Lakini alifia kwenye wavu?”

“Alifia kwenye wavu.”

“Ulimkuta ameshajimaliza mwenyewe?”

Mzee Bakari akajizuia, akajizuia, kisha akashindwa. Alicheka mpaka ugali ukamtoka mkononi. Akacheka Simoni, wakacheka wa dirishani na wa mlangoni, na diretor, ambaye hakuwa ameelewa bado, akacheka kwa sababu wengine wanacheka. “Hee, mtu huyu!” mzee Bakari alisema akifuta macho kwa ukingo wa kanzu. “Haya basi, mwanao alikosea kwa nchi kavu tu. Angetega baharini angekuwa shehe.”

Wakala mpaka sinia likawa jeupe. Hakuna aliyeomba radhi na hakuna aliyesamehe. Mzee Bakari ndiye aliyependekeza utaratibu: asubuhi mitego ikikaguliwa, kijana mmoja wa pwani aende pamoja na wa juu, na kisu mkononi. Mnyama akikutwa hai, anachinjwa, analiwa na bweni zima. Akikutwa amekufa, ni wa vijana wa juu kwa chungu chao kidogo, na hakuna wa kuwaita wachoyo. Mzee Simoni akauliza wazee wake, wakaona mtego hautaudhika. Diretor akatangaza kwamba Kornelio anabaki. Utaratibu huo uliendelea mpaka nilipoondoka, na kwa taarifa yenu hamtaukuta katika kitabu chochote cha programu.

Wazee walipotoka kwenda kutafuta usafiri, nilibaki na vijana wale wawili barazani. Nilikuwa nimefurahi, nawaambia kweli, nilijisikia mwalimu kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nikamwambia Kornelio kwamba anabaki na atafanya mtihani. Akasema, “Asante, setora,” kama mtu aliyepewa kipande cha chaki. Nikamgeukia Saide. Nikamwambia yaliyompata si madogo, lakini sasa ajitahidi kumsamehe mwenzake, taratibu, hakuna anayemharakisha.

Wakatazamana.

“Tulishamalizana, setora,” Saide akasema.

“Lini?”

“Jumapili. Aliniomba radhi, nikamwambia yameisha. Kisha akaniuliza mnyama huchinjwaje, nikamwonesha kwa ndizi.”

“Jumapili?” nikasema. “Kabla baba yako hajafika?”

“Kabla hajapanda mashua.”

Nilikaa juu ya ukingo wa baraza. Nilikuwa nimemwambia Kornelio aanze kufunga begi lake, kwa tahadhari. Mzee mmoja alikuwa ameacha nyavu zake na mwingine ameacha shamba lake, diretor hajala vizuri tangu Jumamosi, darasa zima limekosa masomo ya asubuhi. Nilikasirika kwanza, kisha hasira ikageuka aibu.

“Mmesimama pale ukutani asubuhi nzima,” nikawaambia. “Mnasikia baba zenu wakitaka kuvunja shule kwa ajili ya neno moja, na neno lenyewe limeshasemwa. Kornelio, ulikuwa unafukuzwa! Kwa nini hamkufungua midomo?”

Kornelio akainamisha kichwa. Saide akamtazama mwenzake, kisha akanijibu kwa adabu yote tuliyomfundisha:

“Setora, mlikuwa mnazungumza.”